Kabla ya Dhahabu Kuna Sahani: Waliolisha na Kulaza Watu Kanda ya Ziwa Bila Kutajwa Majina

Mgeni akishuka stendi ya Kharumwa saa saba mchana, kinachompokea kwanza si ofisi ya serikali wala sonara wa dhahabu. Ni moshi. Moshi wa mkaa unaotoka kwenye vibanda vya mabati, na sauti ya mama aliyejifunga khanga kiunoni: "Karibu mwanangu, wali upo, ugali upo, sato yupo wa moto!" Akishashiba, kijana wa bodaboda atamuonyesha gesti. Geti la bati, ua wa saruji katikati, vyumba vimeuzunguka ua, neti ya bluu, kipande cha sabuni, na kandambili mbili zisizofanana chini ya kitanda. Analipa kwanza, analala baadaye.

Historia ya mji huu iko hapohapo, ila watu wengi wanaipita wakienda kuitafuta kwenye mashimo.

Kharumwa (wengine wanaandika Karumwa, na hata maandishi ya kiserikali hayajakubaliana) ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, Mkoa wa Geita. Ukitaja Geita, kila mtu kichwani anaona dhahabu tu. Na kweli, habari za dhahabu zimejaa majina: majina ya kampuni, majina ya Wazungu waliopima miamba, majina ya wakubwa waliokata utepe. Ila aliyempikia mchimbaji hana jina popote. Hata analoitwa si lake. "Mama ntilie" ni sauti ya mtu mwenye njaa anayesema "mama, n'tilie," yaani nitilie chakula kwenye sahani. Baadaye ikaonekana neno hilo lina dharau ndani yake, likaletwa "mama lishe". Heshima ikaongezeka kidogo. Jina bado.

Biashara ya kulisha wapita njia Usukumani ni ya zamani kuliko machimbo yote. Karne ya 19 misafara ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma wenyewe, ilikuwa ikipita kati ya Tabora na Ziwa. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alikatiza Usukuma na msafara wake akitokea Tabora, akaliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakivua samaki humo tangu enzi za mababu, akalipa jina la malkia wake. Sasa msafara wa namna ile haukubeba chakula cha safari nzima, haiwezekani. Ulikula kijiji kwa kijiji. Jioni wapagazi wanakata miti na nyasi, wanajenga kambi ya usiku mmoja. Wenyeji wanakuja na mtama, kuku na maziwa, wanaondoka na nguo na shanga. Hiyo ndiyo gesti ya kwanza na hoteli ya kwanza ya ukanda huu, na asubuhi yake inabaki majivu tu. Speke leo kila mwanafunzi anamjua. Wanawake waliotwanga ule mtama, hakuna aliyewauliza wanaitwa nani.

Reli ndiyo iliyoanza kuwafanya wapita njia wawe wateja wa kila siku. Tawi la kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928, likipitia Isaka na Shinyanga. Palipo na stesheni pakaota duka, na penye duka pakaota kibanda cha chai. Maduka mengi yalikuwa ya Wahindi na Waarabu, na humo ndani ungepata chumvi, jembe, khanga, mafuta ya taa, kila kitu isipokuwa mahali pa kulala. Hoteli yenye kitanda na shuka nyeupe ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika aliijua kwa kupitia mlango wa jikoni. Akisafiri, alilala kwa ndugu. Kama hakuna ndugu, kwa mtu wa ukoo wake. Kama ukoo haupo, anatafuta mtani, anatukanwa kidogo, anapewa ugali na mkeka. Bure kabisa. Wazee wa Kisukuma wa siku zile wangeshangaa kusikia mgeni anadaiwa hela ya kulala.

Kilichovunja huo ubure ni pamba. Miaka ya 1950 Usukuma nzima ilikuwa pamba, na mwaka 1955 wakulima wakawa na chama kikuu chao, Victoria Federation of Cooperative Unions, kilichokuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika barani. Msimu ukifika watu wanauza kwa wakati mmoja na wanapata hela kwa wakati mmoja. Mtu aliyekula michembe na matobolwa miezi yote (viazi vitamu vilivyokaushwa, vya kwanza vibichi, vya pili vimechemshwa kwanza) siku hiyo anataka wali na nyama. Anataka baiskeli, khanga mbili za mke, chai yenye maziwa na andazi. Nyumbani hakuna wa kumpikia wali siku ya kazi, kwa hiyo akapatikana mwanamke wa kumpikia gulioni. Mnada wa Kisukuma tunaoujua leo, wenye ng'ombe upande huu, mitumba upande ule na nyama choma katikati, ulinenepa kwa hela hii ya msimu.

Hapa kuna kituko kidogo cha dunia. Kule kaskazini mwa Uingereza, jiji la Manchester lilikua kwa pamba, nyingine ikitoka makoloni. Viwanda vilipokufa, maghala makubwa ya pamba yakageuzwa kuwa hoteli na migahawa, na leo watalii wanalipa pesa ndefu kulala kwenye jengo lililowahi kurundikwa majora ya nguo. Kule hata mwenye ghala anajulikana, jina lake linaweza kuwa limechongwa juu ya mlango. Huku aliyepika pembeni ya ghala la pamba hakuacha hata jiwe la jiko, maana mafiga matatu mvua ikinyesha yanarudi kuwa mawe.

Dhahabu nayo ilikuwa imeshaanza. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa 1966, na upande wa Shinyanga almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na Mkanada John Williamson. Mwadui ni mfano mzuri wa namna wakubwa walivyofikiri. Ule ulikuwa mji ndani ya uzio, una hospitali yake, shule yake, uwanja wake wa ndege. Aliyekuwa ndani alikula ndani. Aliyekuwa nje alilima na kuuza kwa waliobahatika kutoka. Mpango huo wa uzio utarudi tena baadaye.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Mwaka 1974 watu wakahamishwa kwenye makazi yao ya zamani na kupangwa kwenye vijiji, Geita mojawapo. Lawama zake zinajulikana na ni za kweli. Lakini ukiangalia kwa jicho la biashara ya chakula, kuna kitu kilitokea: watu waliokuwa wametawanyika wakawa barabarani, jirani kwa jirani, na penye watu wengi pamoja mtu anaweza kuchoma maandazi asubuhi na yakaisha. Senta nyingi za Kanda ya Ziwa zina alama hiyo mpaka leo, nyumba zimejipanga kandokando ya barabara moja kama watu waliopanga foleni.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa migumu. Sabuni hakuna, sukari hakuna. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvukazi, na wasio na kazi maalumu mijini wakawa wanakamatwa na kurudishwa mashambani. Mwanamke mwenye sufuria na jiko la mkaa pembeni ya barabara, kwa macho ya mgambo, hakuwa na kazi. Alikuwa mzururaji mwenye moto. Mwaka 1985 Mzee Mwinyi akaingia, neno likawa "ruksa", na biashara ndogondogo zikaanza kupumua. Mwaka 1990 serikali ikaanza kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kupitia benki, bila maswali mengi. Kanda ya Ziwa ikalipuka. Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Bulyanhulu, kila wiki kunasikika rashi mpya, na vijana wanaacha jembe shambani.

Ni hapa ambapo watu wengi huelewa mambo kinyumenyume. Wanasema mama lishe alikuja machimboni kula hela ya mchimbaji. Waliowahi kukaa kwenye duara wanajua haikuwa hivyo.

Duara halichimbwi kwa mshahara. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, vijana wanaoshuka chini wana lao, na mgawo unafanyika mawe yakishatoka, kwa viroba. Kabla ya hapo hakuna anayelipwa hata senti. Kinachotoka kila siku ni chakula tu. Vijana wanaweza kupiga mwamba mtupu mwezi, miezi mitatu, hata nusu mwaka, na siku zote hizo wanakula. Ugali mkubwa, maharage, dagaa, Jumapili labda wali. Sasa nani ananunua unga? Mwenye duara, kama anayo. Ikimwishia, anakwenda kwa mama lishe, anavua kofia, anaongea vizuri. Mali kauli.

Yaani mtaji wa dhahabu ndogondogo ya Kanda ya Ziwa, kwa sehemu kubwa, ulikuwa sahani. Benki haikumkopesha mwenye duara, isingethubutu. Aliyemkopesha ni mwanamke mwenye masufuria manne na watoto watatu.

Mchukue mmoja tu, yeyote, maana kwenye hili wanafanana. Anaamka saa kumi usiku. Uji na maandazi kabla vijana wa zamu hawajashuka, wali na ugali mchana, chai tena jioni kwa wanaopanda. Maji ananunua kwa dumu, kuni au mkaa ananunua, mchele unatoka Kahama na samaki kutoka ziwani. Kila kitu anakinunua kwa hela taslimu, na karibu kila kitu anakitoa kwa mkopo. Ana daftari la shule, lile dogo la kurasa chache, na humo kuna ukurasa wa kila mdaiwa. Majina yaliyoandikwa si ya kwenye cheti cha kuzaliwa. "Mrefu wa duara la pili." "Kahama." "Mjita." "Shemeji." "Shati Jekundu." Wao hawamjui jina, yeye hawajui majina, na deni linaendelea kukua kati ya watu hawa wasiojuana. Shati Jekundu akibadilisha shati, kazi ipo.

Duara likitema, siku hiyo ni sikukuu. Mawe yanapelekwa kwenye karasha, yanasagwa, yanaoshwa mwaloni kwa zebaki, yanachomwa, sonara anapima kwa mzani mdogo. Mwenye adabu anapitia kwa mama kwanza: "Shangazi, lete daftari." Anakata deni lote na kuacha ya soda juu yake. Asiye na adabu anapitia baa. Na asiye na adabu kabisa anaondoka usiku, kesho yake anasikika yuko kwenye rashi nyingine mbali huko. Ndiyo maana mama lishe naye anafunga masufuria kwenye khanga na kupanda lori. Wengi hudhani anafuata wateja. Mara nyingi anafuata deni.

Kuna mengine wanawake hawa waliyabeba ambayo hayapendwi kusemwa. Mwanamke aliyeishi machimboni bila mume aliitwa kila jina baya, hata kama kazi yake ilikuwa kusonga ugali kuanzia alfajiri hadi usiku. Miaka ya 1990 UKIMWI ulipita vibaya kwenye machimbo na vituo vya malori, na lawama ikatafuta pa kutua. Haikutua kwa mwenye hela. Ilitua kwa mhudumu wa gesti na dada wa sahani. Wapo waliougua, wapo waliozikwa na michango ya wachimbaji walewale waliokuwa wakidaiwa. Huu ni ukweli, na nyimbo za kusifia vijana wa dhahabu huwa zinauruka.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Bulyanhulu, ambako si mbali na Kharumwa, ni ng'ambo tu ya mpaka wa mkoa upande wa Shinyanga. Dhahabu ya pale ilijulikana tangu miaka ya 1970, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 porini pakawa na mji. Si kambi, mji. Kulikuwa na maduka, mabaa, vibanda vya kuonyesha video, gesti za miti na maturubai, na safu kwa safu za mama lishe. Idadi ya watu waliokuwepo inabishaniwa hadi leo, lakini hakuna anayebisha kwamba walikuwa maelfu kwa maelfu. Mwishoni mwa Julai 1996 wakaamriwa kuondoka, na mwezi Agosti eneo likawa limesafishwa kupisha kampuni. Kuna madai mazito ya wachimbaji kufukiwa kwenye mashimo. Serikali na kampuni waliyakana, na malalamiko hayo yalifika mpaka Kundi la Benki ya Dunia. Hayo ya mashimo yameandikwa sana na wenye kalamu zao.

Ya masufuria hayajaandikwa. Mchimbaji aliyefukuzwa alikuwa na shimo la kuonyesha, hata kama halikumsaidia. Angeweza kusimama na kusema duara langu lilikuwa hapa. Mama lishe angeonyesha nini? Kibanda cha maturubai kimeshasambaratishwa. Mafiga ni mawe tu. Alichobaki nacho ni lile daftari, kurasa zimejaa madeni ya watu wanaoitwa Mrefu na Shemeji, na watu hao siku hiyo kila mmoja alikimbilia njia yake. Mwenye gesti ya miti alipoteza vitanda. Mama lishe alipoteza kitu ambacho hata kukitamka mbele ya ofisa ni tabu: miezi ya wali uliokwisha kuliwa. Waliotoka Bulyanhulu walisambaa kwenye vijiji vya jirani na machimbo mengine, na mji ule ukafutika hivi kwamba kijana wa leo akiambiwa palikuwa na gesti pale anacheka.

Mgodi mkubwa ulifunguliwa mwaka 2001. Una uzio, una kantini. Mwadui imerudi.

Turudi kwenye gesti, maana nazo zina kiini chake. Zile za matofali za ukanda huu hazikujengwa kwa mkupuo. Zilijengwa chumba kimoja kimoja. Msimu huu duara limetema, vinapandishwa viwili na bati. Msimu ujao mambo mabaya, ukuta unasimama na nondo zake mwaka mzima kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ndiyo maana ndani ya gesti moja chumba namba tatu kina dari na namba saba hakina. Mgeni analalamika, lakini anachokiona pale ni historia ya mifuko ya mwenye nyumba.

Na kila gesti ina kitabu cha wageni. Jina, kabila, kazi, atokako, aendako, sahihi. Kama kuna mtu atataka siku moja kuandika historia ya kweli ya Kanda ya Ziwa, aache makabati ya wakubwa, aombe vile vitabu vilivyoliwa na mende. Humo utaona watu wa Kigoma, Mara, Tabora, Kilimanjaro, wote wako njiani. Kwenye "kazi" wengi huandika "mkulima" au "biashara", maana anayefuata dhahabu hatangazi. Majina nayo mengine ya kubuni tu, hasa ya wikiendi, si unajua tena. Ukutani kuna karatasi ya masharti: malipo kwanza, hairuhusiwi watu wawili wa jinsia moja kulala chumba kimoja, mali isiyokabidhiwa mapokezi ikipotea ni juu yako. Aliyekiandika kile kitabu kila usiku kwa kalamu ya kufungwa uzi, yule dada wa mapokezi anayelala kwenye godoro nyuma ya meza, jina lake halimo ndani. Anaandika ya wenzake tu.

Mambo yalianza kubadilika kidogo kidogo. Mwaka 2008 Vodacom walileta M-Pesa, na mwanamke aliyekuwa akificha hela kwenye pindo la khanga akaweza kuituma nyumbani usiku huohuo kabla hajaibiwa au kuombwa. Hili wengi wanalichukulia poa, lakini kwa mtu wa machimboni lilikuwa jambo kubwa kuliko barabara. Mdaiwa aliyetoroka naye akaweza kulipa akiwa mbali, akitaka. Tatizo likabaki kwenye kutaka.

Mwaka 2012 ukaundwa Mkoa wa Geita na Wilaya ya Nyang'hwale, na Kharumwa, ambayo kabla ya hapo ilikuwa senta tu ya Wilaya ya Geita ndani ya Mkoa wa Mwanza, ikawa makao makuu. Hapo ndipo mtu anapoona tofauti ya mteja na mteja. Mchimbaji analeta hela nyingi siku moja halafu miezi kimya. Mtumishi wa serikali analeta hela ndogo lakini mwisho wa mwezi ipo. Anayekuja kwenye kikao ana posho, anataka chumba chenye choo ndani, anataka risiti, anataka chai ya vikao yenye chapati na supu. Kwa mara ya kwanza mwenye gesti akaweza kupiga hesabu ya mwaka mzima. Kwa mama lishe haikuwa neema tupu, maana mtumishi anataka meza yenye kitambaa na maji ya kunawa ya bomba, na zabuni ya chakula cha semina inataka karatasi ambazo yeye hana. Akabaki na bodaboda, makondakta, wanafunzi, na vijana wa machimbo ya Nyang'hwale wanaoingia mjini na vumbi lao.

Dhahabu yenyewe iliendelea na tabia yake. Machi 2017 serikali ikazuia makinikia kusafirishwa nje, na baadaye mwaka huohuo Bulyanhulu ikapunguza sana shughuli na wafanyakazi wengi wakapoteza ajira. Mabishano ya Dar es Salaam yalikuwa ya matrilioni. Kakola na Kahama, hesabu ilikuwa ya vyumba vitupu na sahani zilizorudi kabatini zikiwa safi. Machi 2019 Geita ikafunguliwa soko la madini, na mchimbaji mdogo akapata mahali halali pa kuuzia. Dhahabu ikapata soko lake rasmi, lenye walinzi na mizani iliyokaguliwa. Daftari la mama lishe halina soko.

Na Juni 2025 ukaja mchezo mwingine kabisa. Daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa, lilizinduliwa. Kabla yake, anayetoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita au Kharumwa kupitia njia hiyo alisubiri kivuko. Foleni ya magari, saa nzima, wakati mwingine zaidi sana, na mgonjwa ndani ya gari akiwa hana la kufanya. Hakuna mwenye akili timamu anayelilia kivuko. Watu wamefia kwenye foleni ile.

Lakini foleni ile ilikuwa na watu wake. Pande zote mbili, Kigongo na Busisi, kulikuwa na wanaokimbilia madirishani na mahindi ya kuchoma, mayai, karanga, maji, samaki wa kukaanga, na wenye vibanda vya wali kwa madereva wa malori. Miaka na miaka, kusubiri kwa wengine ndiyo ilikuwa ada ya shule ya watoto wao. Sasa basi linapita juu kwa dakika chache, vioo vimefungwa, abiria wanapiga selfi ya daraja. Kwenye hotuba za uzinduzi, urefu wa daraja ulitajwa, gharama ikatajwa, majina ya viongozi yakatajwa moja baada ya jingine. Muuza samaki wa Busisi aliyasikia yote, alikuwa palepale kwenye umati.

Kwa Kharumwa daraja limemsogeza mgeni karibu. Anaweza kula asubuhi Mwanza na mchana akawa hapa akitafuta cha kula tena. Ushauri kwa mgeni huyo ni rahisi: sato kama ameletwa siku hiyo, ugali wa muhogo kama tumbo lina uzoefu, matobolwa kama yapo sokoni, na siku ya mnada asiende na hela zote mfukoni. Gesti aulize maji ya moto kabla hajalipa.

Jioni stendi inatulia, majiko yanabaki yanawaka. Kwenye bati la kibanda kimoja pameandikwa kwa chaki: LEO HELA, MKOPO KESHO. Kijana mwenye vumbi la mwamba hadi kwenye kope anasimama, anasoma, anacheka peke yake, anavuta benchi.

"Shangazi, n'tilie."

Shangazi anamtazama kidogo, kama anayetafuta ukurasa. Halafu anachukua sahani.